"Kwani Yeye ni Daktari?" Historia ya Waliokalia Kiti cha Afya House



Kila mara waziri mpya wa Afya akitajwa, komenti ya kwanza huwa ni ile ile: "Kwani yeye ni daktari?" Machi 2025, Aden Duale alipohamishiwa Afya na Dkt. Deborah Barasa akapelekwa Mazingira, swali hilo lilijaa kila mahali. Barasa ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani na yale ya kuambukiza. Duale ana shahada ya ualimu kutoka Chuo Kikuu cha Moi. Alikuwa ametoka Mazingira, kabla ya hapo Ulinzi, na kabla ya hapo Kiongozi wa Wengi Bungeni. Watu wakauliza, sasa huyu anajua nini kuhusu malaria?

Ni swali la haki. Hata fundi wa kukurekebishia pikipiki unataka kujua alijifunzia wapi. Lakini nilipoanza kufuatilia nani amewahi kukalia kile kiti tangu 1963, alikuwa na kazi gani kabla, na alifanya nini akiwa pale, niliona komenti zetu zimelenga kando kidogo. Kazi ya zamani ya mtu ina maana sana. Inaamua ni kitu gani kitamgonga macho kwanza akifungua faili. Mchumi anaona bili. Mtu wa benki anaona mkataba. Hata daktari naye ana kile anachokiona kwanza, na si lazima kiwe wewe.

(Najua kuna mtu ataandika, "Wewe mwenyewe uliacha chuo, unapima CV za mawaziri?" Ndiyo, niliacha. CV zao ziko wazi, na kusoma najua. Tuendelee.)

Tuanze na wakoloni, kwa sababu wakati wao komenti hiyo isingekuwa na kazi. Idara ya matibabu iliongozwa na madaktari watupu. Miaka ya 1920 mkuu wake alikuwa daktari John Gilks. Huyu alishirikiana na mwanasayansi wa lishe wa Uskoti, John Boyd Orr, kwenye utafiti uliochapishwa 1931 kuhusu chakula cha Wamaasai na Wakikuyu: nani anakula nyama na maziwa, nani anakula nafaka, nani ana mwili mkubwa zaidi. Kazi ya kisomi kabisa. Lakini ukiuliza kwa nini serikali ya kikoloni ilijali mwili wa Mwafrika una nguvu kiasi gani, jibu liko kwenye mashamba. Kericho tulikuwa tayari na Brooke Bond na James Finlay, waliofungua mashamba ya chai katikati ya miaka hiyo ya 1920, na chai haijichumi. Juu alikuwa daktari, chini yake madaktari, na afya yenyewe ilipimwa kwa jicho la anayehitaji vibarua. Kwa hiyo nchi hii iliwahi kuongozwa kiafya na madaktari kwa miongo mingi, na bibi zetu hawakufaidi sana.

Uhuru ulipokuja, waziri wa kwanza wa Afya na Makazi alikuwa daktari kweli: Njoroge Mungai, aliyesomea udaktari Stanford, Marekani, na ambaye alikuwa pia daktari wa Mzee Kenyatta. Ukitaka CV, hiyo ndiyo CV. Anatajwa kati ya waliopigania tuwe na shule yetu wenyewe ya udaktari, ile iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1967. Lakini hakukaa Afya. Alihamishiwa Ulinzi, baadaye Mambo ya Nje. Hilo lilinifunza kitu kuhusu siasa zetu: ukiwa daktari hodari na mtu wa karibu wa rais, hauachwi kwenye wizara ya madawa, unapelekwa palipo na bunduki na ndege.

Kiti kikaenda kwa Joseph Otiende, mtu wa ualimu ambaye alikuwa ameanzia Wizara ya Elimu. Miaka hiyo ndiyo mambo mawili makubwa yalifanyika: 1965 serikali ilifuta ada kwa wagonjwa wa nje waliotibiwa kwenye vituo vyake, na 1966 ikaanzishwa NHIF. Sisemi mwalimu alifanya peke yake. Ilikuwa ahadi ya KANU na pesa zilikuwepo. Nasema tu kwamba matibabu ya bure hayakungoja daktari awe waziri. Baadaye alikuja wakili, Isaac Omolo Okero, na wengine wengi ambao sitawataja wote, maana hii ni posti, si kitabu.

Sasa naomba mkae hapa kwa Mwai Kibaki, kwa sababu hapa ndipo historia yenyewe iko.

Kibaki alikuwa mchumi. Makerere alipata daraja la kwanza, akaenda London School of Economics, akarudi kufundisha, akaingia siasa. Aliongoza Fedha tangu 1969 mpaka mwanzo wa miaka ya 1980, na kwa miaka kumi alikuwa makamu wa rais. Machi 1988 Moi alimwondoa kwenye umakamu na kumpeleka Afya. Kila mtu alielewa. Hakupandishwa, alishushwa. Angalieni hiyo picha vizuri: wizara ya afya ya taifa zima ilikuwa mahali pa kumtupa mtu ili anyamaze.

Akiwa hapo, Desemba 1989, hospitali na vituo vya afya vya serikali vikaanza kulipisha. Ule mpango wa kuchangia gharama. Kogo wangu hadi leo akiutaja anafanya kama anaumwa jino. Kuwa wa haki, haukuwa wazo la Kibaki peke yake. Benki ya Dunia na IMF walikuwa wanasukuma nchi za Afrika zipunguze matumizi, na Kenya ilihitaji mikopo yao. Lakini kama kuna mtu Kenya nzima ambaye angeelewa hesabu hizo bila kufafanuliwa, ni yeye. Pesa zinazoingia hazitoshi, basi anayetumia achangie kidogo. Kwenye karatasi inakaa sawa kabisa.

Kwenye dirisha la hospitali ilikaa tofauti. Kulikuwa na kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa pale Nairobi, na watafiti walihesabu waliokuja kabla na baada ya ada. Wanaume walishuka hadi asilimia 40 ya waliokuwa wakija awali, wanawake hadi asilimia 65. Matokeo yalichapishwa 1992 kwenye jarida la Lancet. Fikirieni hiyo ilikuwa miaka gani. UKIMWI ulikuwa unapanda, na mtu mwenye ugonjwa wa zinaa usiotibiwa anaambukizwa virusi kwa urahisi zaidi. Wale ambao hawakuja kliniki hawakupona kwa sababu ya kukosa shilingi. Walirudi nyumbani nao.

Septemba 1990 serikali ikasimamisha ada ya wagonjwa wa nje, halafu kuanzia 1992 ikairudisha polepole kwa jina lingine. Kibaki alikuwa ameshaondoka. Alijiuzulu Krismasi ya 1991 na kuanzisha chama chake. Wengi wanamkumbuka kwa barabara na elimu ya bure ya msingi, na ni haki yake. Lakini miaka hiyo mitatu na kitu ya Afya huwa inarukwa kwenye simulizi zake, na ndiyo iliyogusa watu maskini moja kwa moja.

Turuke hadi 2003. Kibaki sasa ni rais. Anamchagua Charity Ngilu kuwa waziri wa Afya. Ngilu alisoma Alliance Girls, akafanya kazi ya ukatibu Benki Kuu, akaingia biashara, akawa na kiwanda cha mikate na baadaye cha plastiki, akaingia Bunge 1992, akagombea urais 1997. Hakuna stethoskopu popote kwenye hiyo hadithi. Lakini ni mtu aliyejua mama mwenye kibiashara kidogo anafikiria vipi akiwa na mtoto mwenye homa na noti moja mkononi.

Mwaka 2004 wizara yake ikakata ada kwenye vituo vya chini: shilingi 10 dispensari, shilingi 20 kituo cha afya, basi. Mkienda kwa wazee hapa Chepseon, Kedowa ama Londiani, hiyo "kumi na ishirini" wanaikumbuka kama watu wanavyokumbuka mwaka wa mvua nzuri. Halafu Ngilu akapeleka Bungeni mswada mkubwa zaidi, wa bima ya afya ya jamii ambayo ingemfunika kila Mkenya, mwenye mshahara na asiye nao. Bunge likaupitisha Desemba 2004.

Rais akakataa kuutia saini. Sababu kubwa ilikuwa gharama.

Rais mwenyewe ni nani? Ni yule yule mchumi aliyekuwa waziri wa Afya mwaka 1989. Miaka kumi na tano katikati, kiti tofauti, jicho lile lile. Simlaumu kwa kuwa na hofu ya hesabu. Hesabu za ule mswada kweli zilikuwa na mashimo, na waajiri na kampuni za bima walipiga kelele. Lakini ona kilichotokea: aliyekuwa secretary alisukuma bima ya kila mtu, msomi wa uchumi akaizuia, na sisi tukangoja hadi Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ndipo kitu kinachofanana nayo kikawa sheria. Karibu miaka ishirini. Watu waliugua katikati ya hiyo miaka.

Baada ya vurugu za 2007 na 2008, serikali ya muungano ilihitaji viti vingi, kwa hiyo wizara ikapasuliwa mara mbili. Profesa Anyang' Nyong'o, msomi wa sayansi ya siasa, akapata Huduma za Matibabu. Beth Mugo akapata Afya ya Umma. Hapa kuna jambo ambalo huwa halihesabiwi kama taaluma. Wote wawili walipata saratani wakiwa ofisini, na wote wakasema hadharani. Nyong'o alitibiwa Marekani, na Wakenya wakauliza, sawa kabisa, mbona waziri wa matibabu hatibiwi hapa? Wakati huo huo saratani ikawa mada ya kitaifa kwa namna ambayo haikuwa awali, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ikapita 2012. Sitasema ugonjwa wao ndio ulioleta sheria, maana wabunge na wanaharakati walikuwa wanaisukuma. Lakini kuwa mgonjwa ni elimu. Ni elimu ambayo haimo kwenye CV.

Katiba mpya ikaja, na kutoka 2013 mawaziri hawakuwa wabunge tena. Tukaambiwa sasa tunapata wataalamu. Na mtaalamu tuliyepewa Afya alikuwa James Macharia, mkuu wa benki ya NIC. Juni mwaka huo ada ya kujifungua ikafutwa kwenye hospitali za serikali, jambo zuri sana, ingawa ilikuwa ahadi ya kampeni. Kazi ambayo naiona ina alama za vidole vya mtu wa benki ni ile ya 2015: kukodi mashine za hospitali. Mpango wa shilingi bilioni 38 kwa miaka saba, angalau hospitali mbili kila kaunti, eksirei, dayalisisi, vifaa vya upasuaji na vya wagonjwa mahututi. Haununui, unakodi, mwenye mashine anazitunza, unalipa kila mwaka.

Kwa mtu wa benki hiyo ni akili. Na kuna wagonjwa wa figo ambao waliacha kusafiri usiku hadi Nairobi au Eldoret kwa sababu yake, hao msiwasahau. Lakini kamati ya Seneti ilipochunguza mpango huo, ripoti ya 2020 ilieleza mashine zilizokaa bila kufanya kazi mahali pengine kwa kukosa umeme wa kutosha, maji, au mtu aliyesomea kuzitumia. Mkataba ulikuwa na kila kitu isipokuwa mwanadamu wa kubonyeza kitufe. Kaunti ndizo zinazoajiri wahudumu wa hospitali tangu 2013, na magavana wengi walisema mkataba uliamuliwa Nairobi kisha wao wakakatwa pesa.

Ngoja niwatoe Nairobi kidogo niwarudishe huku kwetu, kwa sababu hii habari ya jicho sikuitoa hewani. Hospitali ya mashamba ya chai ya Brooke Bond hapa Kericho ilitunza rekodi za malaria kutoka miaka ya 1960. Miaka ya 1960 malaria mashambani ilikuwa imepungua sana. Miaka ya 1980 na 1990 ikarudi kwa kishindo. Kwa nini? Wengi waliosomea hali ya hewa walisema joto limepanda, mbu wamepanda mlima. Lakini daktari wa jeshi la Marekani, Dennis Shanks, aliyekuwa akifanya utafiti Kenya, alichambua vitabu hivyo vya hospitali na wenzake, na 2002 wakachapisha kwenye jarida la Nature kwamba takwimu za hali ya hewa kwenye maeneo kama Kericho hazikuonyesha mabadiliko ya kutosha kueleza kurudi kwa malaria. Shanks na wenzake walisisitiza kitu ambacho daktari wa wodini hukiona mapema: klorokwini ilikuwa imeacha kufanya kazi. Wengine wakajibu kwamba takwimu hizo hizo zikipimwa vingine zinaonyesha joto, na mabishano yakaendelea miaka. Vitabu ni vile vile, wagonjwa ni wale wale, na kila msomi akaona kile alichosomea. Hivyo ndivyo ninavyowasoma mawaziri pia.

Kutoka kwa Macharia wizara ikaenda kwa Dkt. Cleopa Mailu, aliyekuwa ameongoza Nairobi Hospital. Hatimaye mtu wa hospitali! Na chini yake ndipo tukapata mgomo wa madaktari wa siku 100, kutoka Desemba 5, 2016 hadi katikati ya Machi 2017, viongozi wa chama chao wakatiwa ndani. Mgogoro ulikuwa wa mkataba uliosainiwa 2013 kabla hajafika. Lakini aliyetoka hospitali ya kulipia hakuweza kuwatuliza wa hospitali ya umma. Baada yake Sicily Kariuki, mtu wa utawala, ambaye wakati wake majaribio ya afya kwa wote yalianza Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos.

Halafu korona. Februari 2020 Mutahi Kagwe anaapishwa. Mtu wa biashara na mawasiliano, aliyewahi kuwa waziri wa Habari. Machi 13 anasimama kutangaza kisa cha kwanza. Nilikuwa shule ya upili, na nadhani kila mtu wa rika langu anaweza kuiga ile sauti yake. Kila alasiri, namba, onyo, ukali wa baba aliyekuta watoto hawajaosha vyombo. Nawaambia ukweli, kwa miezi ya kwanza ile ndiyo kazi iliyohitajika. Virusi havikuwa na dawa, silaha pekee ilikuwa kuongea na watu wakasikia. Na pembeni yake walisimama madaktari wawili: Dkt. Patrick Amoth, mtaalamu wa afya ya wanawake na uzazi, na Dkt. Mercy Mwangangi, daktari aliyeongezea masomo ya uchumi wa afya.

Hapo ndipo mtu anayeuliza "kwani ni daktari?" anapaswa kujua kitu. Nafasi ya daktari ipo, na iko kwenye sheria. Sheria ya Afya ya 2017 inataka Mkurugenzi Mkuu wa Afya awe daktari aliyesajiliwa. Ni kiti kilichotokana na kile cha zamani cha Mkurugenzi wa Huduma za Matibabu, ambacho baada ya uhuru Mwafrika wa kwanza kukikalia alikuwa Dkt. Jason Likimani. Waziri ni wa kupigania pesa kwenye baraza la mawaziri, kusimama mbele ya Bunge, na kubeba lawama. Mkurugenzi Mkuu ni wa kumwambia waziri, "Mheshimiwa, hiyo haitibu." Kwa hiyo swali langu mimi huwa: huyo daktari wa pili ana nguvu ya kusema hivyo na asikizwe? Kwa miaka kadhaa Amoth alifanya kazi hiyo kama kaimu tu. Wakati huo huo dunia ilimwamini vya kutosha kumfanya mwenyekiti wa Bodi Tendaji ya WHO mwaka 2021. Kaimu nyumbani, mwenyekiti Geneva. Mtu kaimu anamwambiaje bosi "hapana"?

Na tukiwa huko Geneva: WHO yenyewe tangu 1948 iliongozwa na madaktari tu. Wa kwanza alikuwa daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada, Brock Chisholm. Aliyevunja mfululizo ni jirani yetu, Tedros Adhanom Ghebreyesus, mwaka 2017. Alisomea biolojia Asmara, kinga ya mwili London, na uzamivu wake Nottingham ni wa afya ya jamii. Mwafrika wa kwanza, na wa kwanza asiye daktari wa kutibu. Alipokuwa waziri wa afya Ethiopia, 2005 hadi 2012, nchi ilipanua mpango wa wahudumu wa vijijini. Zaidi ya 30,000, karibu wote wanawake, waliofunzwa mwaka mmoja na kulipwa mshahara na serikali. Hawakuwa madaktari. Hawakuhitaji kuwa. Walijua kila boma, nani mjamzito, nani hajachanjwa.

Sisi tulizindua wetu Septemba 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii kama 100,000. Wenye mabegi, mnawajua, labda ni shangazi yako. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Linganisha na neno "mshahara" hapo juu.

Rudini kwenye majina yote niliyoyataja. Daktari, mwalimu, wakili, mchumi, secretary na mfanyabiashara, msomi wa siasa, mtu wa benki, mkuu wa hospitali ya kulipia, mtawala, mtu wa mawasiliano. Ongezeni Susan Nakhumicha, aliyetoka kwenye mambo ya ununuzi na ugavi, ambaye chini yake sheria ya SHA ilipita na mgomo mwingine wa madaktari wa siku 56 ukatokea 2024. Hakuna nesi hapo. Hakuna afisa wa kliniki. Ukienda dispensari huku kwetu, nani anakuhudumia? Mimi sijawahi kuona daktari mwenye shahada ya udaktari kwenye dispensari. Ni nesi, ama afisa wa kliniki, na mhudumu wa begi ndiye aliyekutuma. Tunabishana kama kiti kiende kwa daktari au mwanasiasa, kana kwamba hao ndio watu pekee waliopo kwenye afya.

Na hili si la heshima tu, lina bei. SHA ilipoanza Oktoba 1, 2024, mwenye payslip alikatwa asilimia 2.75. Asiye nayo alipimwa uwezo, kisha akatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mara moja. NHIF ilikuwa shilingi 500 kwa mwezi. Mwenye majani yake hapa Chepseon angalau ana bonasi mara moja kwa mwaka, ingawa bonasi hiyo ina wenyewe tayari: karo, deni la duka, mbolea. Anayemchumia majani hana hata hiyo. Analipwa kwa kilo, na wiki ya jua kali kilo hazipo. Nesi yeyote angewaambia mapema, maana ndiye anayemwona mtu akigeuka mlangoni akisikia bei. Ilichukua hadi 2025 kuleta Lipa SHA Pole Pole, ambapo unasaidiwa kulipa kwa awamu, na hata hiyo ni mkopo. Jirani yangu aliniuliza, "Yaani nakopa ndio niruhusiwe kuugua?" Nilikosa jibu.

Mkuu wa SHA sasa ni yule yule Dkt. Mwangangi wa korona, udaktari na uchumi wa afya kwenye kichwa kimoja. Kwenye karatasi ndiye CV nzuri kuliko zote tulizopitia leo, na nasema hivyo bila kejeli. Mimi nitamwangalia kwa jambo moja dogo: kama mchumaji anayelipwa kwa kilo ataruhusiwa kulipa bima yake jinsi anavyolipwa, kidogo kidogo, bila deni. Duale naye tangu aingie amekuwa akifunga na kusimamisha vituo vinavyodaiwa kuiba kwa bima hiyo. Mwanasiasa mbabe anaona mwizi kwanza, na wezi wapo, aendelee. Bado mchumaji hajalipiwa.

Posti inayofuata nataka kuileta nyumbani kabisa: mawaziri wa afya wa kaunti, Kericho na Bomet, tangu 2013, walikuwa nani kabla na waliacha nini. Nimeshapata wengine, wengine bado. Kama ulifanya kazi chini yao, hasa kama wewe ni nesi, niandikie inboksi. Jina lako sitaliweka.